Upinde wa tabaka: gundi ilivyobadilisha silaha ya kale

Fundi wa Igwachanya anayetaka kujitengenezea upinde nyumbani hana haja ya kuagiza mti kutoka mbali. Makao makuu haya ya Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe, yamezungukwa na nchi ya mbao. Misonobari na mikaratusi imejaa milimani, miwati imekuwa zao la biashara Njombe tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na mianzi inayogemwa ulanzi inaota karibu na nyumba. Makambako, barabara kuu inapokutana na reli ya TAZARA, malori ya mbao hayaishi kupita. Vifaa vipo. Kinachostahili kukumbukwa ni historia ya namna ya kuviunganisha.

Afrika ina haki ya kuisimulia historia hiyo tangu mwanzo. Katika Pango la Sibudu, Afrika Kusini, watafiti wamekuta ncha za mawe zenye umri wa miaka 60,000 hivi, ambazo wengi wanaamini zilikuwa za mishale. Humo humo yamo mabaki ya gundi ya utomvu wa mimea iliyochanganywa na udongo mwekundu. Gundi na mshale vimekua pamoja.

Hata hivyo, pinde za Afrika Mashariki zimekuwa za mti mmoja. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huchonga ufito mmoja, wakausokotea upote wa kano za mnyama, na kazi ya kuua mnyama mkubwa wakaiachia sumu ya mimea iliyopakwa kwenye mshale. Waata wa Tsavo, nchini Kenya, walikuwa na sumu kali na juu yake pinde nzito ajabu: baadhi zilidai nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuvutwa, karibu kilo 45. Kwa pinde hizo waliwinda tembo, hadi operesheni za serikali ya kikoloni dhidi ya ujangili za miaka ya 1950 zilipowavunja nguvu.

Kwingineko, mafundi walifuata njia ya kuunganisha. Howard Carter alipofungua kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922, alikuta pinde za mbao, pembe na kano zilizogandishwa pamoja, zenye zaidi ya miaka 3,000. Wajapani nao walibandika mianzi mbele na nyuma ya kiini cha mbao, wakapata upinde unaozidi mita mbili.

Sababu ya taabu yote hiyo iko ndani ya upinde wenyewe. Unapouvuta, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, unavutika. Tumbo, upande unaomtazama mpiga, linabanwa. Miti inayostahimili yote mawili kwa kiwango kimoja ni michache. Kwa tabaka, fundi anaweka mwanzi mgongoni, kwa kuwa nyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ganda, na mbao ngumu tumboni. Tena anachunga unene kwa makini, maana ubao ukinenepa mara mbili, ugumu wa kuupinda unaongezeka mara nane.

Adui wa pinde za kuunganishwa alikuwa unyevu, kwani gundi ya ngozi na mifupa hulegea ikilowa. Gundi za viwandani zisizoogopa maji, zilizoenea miaka ya 1930 na 1940 kwa ajili ya plaiwudi na ndege za mbao, ziliondoa kikwazo hicho. Ndiyo maana leo hata nyanda za baridi na ukungu kama Njombe zinaweza kuwa na upinde wa tabaka.

Kazi yenyewe ni ya useremala. Fito zinapigwa randa hadi milimita chache, zikiwa zimekauka vizuri. Zinapakwa gundi, zinalazwa juu ya kalibu yenye mkunjo, kisha zinafungwa kwa nguvu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Gundi ikishakauka, fundi anavuta upote kidogo kidogo, anatazama mkono upi wa upinde umekaza, anaukwangua, anavuta tena. Hapa haraka haina baraka: palipokwanguliwa mno hapafidiwi.

Upinde ukikamilika, nafasi yake leo ni michezoni. Ulengaji shabaha kwa upinde ulirudi kwenye Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich, baada ya kukosekana tangu 1920. Mwaka 2016, Shehzana Anwar, mlenga shabaha wa upinde, alibeba bendera ya Kenya mjini Rio de Janeiro. Njia hiyo iko wazi kwa Watanzania pia. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, lakini upinde wa kulenga shabaha uwanjani ni mchezo halali.

Vyuo vya ufundi na shule za Wanging'ombe zingeanza na upinde mmoja darasani. Mwanafunzi angejifunza humo mbao, gundi, vipimo na subira, na mkoa unaouza miti ikiwa migogo ungeanza kuuza pia ujuzi wa mikono ya vijana wake.