Sumukuvu katika mahindi: fangasi wanaotumika kuwazuia fangasi

Sumukuvu, ambayo Kenya wengi huiita aflatoksini, ni sumu inayotengenezwa na fangasi waitwao Aspergillus flavus. Fangasi hawa huishi kwenye udongo na huingia katika mahindi na karanga, hasa mazao yanapopatwa na ukame na joto shambani, au yanapowekwa ghalani kabla ya kukauka. Sumu yenyewe haionekani, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki.

Kwa wafanyabiashara wa nafaka, jina hilo lilipata uzito mpya tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa tarehe 10 Machi, lakini kwa masharti. Waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha asili kitaje eneo mahindi yalikolimwa. Kiwango hicho cha 10 hakikuwa kigeni. Tayari kilikuwa katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambavyo pia vinataka sumukuvu aina ya B1, iliyo kali zaidi, isizidi 5.

Sehemu 10 kwa bilioni ni sawa na miligramu 10 katika tani moja. Lori la tani 30 kwa hiyo linaruhusiwa kubeba gramu 0.3 tu ya sumukuvu katika shehena yote. Tena sumu hiyo haisambai sawasawa: gunzi moja lililooza linaweza kuchafua gunia, na magunia kumi ya jirani yakawa safi. Ndiyo maana shehena iliyopimwa Arusha ikaonekana nzuri inaweza kukataliwa Namanga bila mtu yeyote kudanganya. Sampuli ya bambo moja kutoka gunia la mlangoni haimwambii mnunuzi lolote la maana. Inafaa ichukuliwe katika magunia mengi, ya juu, ya katikati na ya chini, ichanganywe na kusagwa ndipo ipimwe.

Wapo wanaodhani vidonge vya kufukizia vitasaidia. Vidonge huua dumuzi na wadudu wengine. Sumu iliyokwisha kuingia katika punje hubaki palepale. Kinga yenye nguvu huanza mahindi yakiwa bado hayajatoa maua, na inatumia kiumbe hai.

Si fangasi wote wa Aspergillus flavus wanaotengeneza sumu. Wamo wasioweza kabisa. Mtaalamu wa Marekani, Peter Cotty, aliwatumia hao katika mashamba ya pamba ya Arizona: akiwatanguliza wengi shambani, wanashika nafasi na chakula ambacho wale wenye sumu wangekitumia. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilishirikiana na wataalamu hao kuileta njia hiyo Afrika kwa jina la Aflasafe. Kila nchi huchaguliwa fangasi waliotoka katika udongo wake. Kenya ilisajili Aflasafe KE01 mwaka 2015, na Tanzania ikafuata mwaka 2018.

Bidhaa ni punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote, zikapakwa mbegu za fangasi hao na rangi ya buluu. Mkulima hurusha kwa mkono kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Akichelewa, wenye sumu huwa wamekwisha kutangulia; akirusha kwenye udongo mkavu, fangasi hawaoti. Matokeo ya majaribio katika nchi mbalimbali za Afrika yameonyesha sumukuvu ikipungua kwa asilimia 80 au zaidi, na kinga huendelea hadi ghalani kwa sababu fangasi hao husafiri na punje.

Hata hivyo msafirishaji anaweza kuiharibu kazi hiyo. Mahindi yanayopakiwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, au kunyeshewa kwa sababu turubai limetoboka, hushika ukungu njiani, na foleni ya siku tatu mpakani huyamalizia. Aflasafe pia haizuii fumonisini, sumu ya fangasi wa jamii nyingine ambayo nayo ina kiwango chake katika mahindi. Cheti cha sumukuvu peke yake hakimalizi habari.

Ugumu mkubwa uko katika bei. Gharama ya kurusha ni ya mkulima, lakini gunia lake likifika sokoni huchanganywa na la jirani na kulipwa bei ileile. Nigeria walijaribu kuliziba pengo hilo kupitia mradi wa AgResults, ambao ulilipa dola 18.75 kwa kila tani ya mahindi iliyothibitishwa kuwa na fangasi wa Aflasafe. Bila nyongeza ya namna hiyo, mkulima hana sababu ya kununua tena msimu ujao, hasa pale mahindi mengi yanapoliwa nyumbani na hakuna anayepima.

Mpakani mkaguzi hupima sumu. Haulizi shamba lilirushiwa nini. Faida kwa mfanyabiashara ni kwamba uwezekano wa lori kurudishwa unapungua, na faida hiyo huipata tu akinunua kwa vikundi anavyovijua, akapima unyevu kabla ya kulipa, na kuyaweka magunia hayo mbali na yale ya kuokoteza sokoni.