Jando la Kikristo katika Nchi ya Masasi



Habari nitakayowaeleza ni ya zamani, lakini swali lake halijazeeka. Mtu akibatizwa, je, huacha kuwa mtoto wa kabila lake? Na kama haachi, ni nani wa kumwambia lipi katika mila za babu zake alishike, na lipi alitupe? Maswali haya yamejibiwa kwa namna nyingi katika Afrika ya Mashariki. Mimi nimechagua kuyatazama mahali pamoja, nchi ya Masasi, kusini ya Tanzania ya leo, kwa kuwa huko jibu halikutolewa kwa maneno tu. Lilitendwa porini, mbele ya macho ya wazazi.

Misheni ya Vyuo Vikuu ilizaliwa baada ya Livingstone kuwahutubia watu wa Cambridge mwaka 1857. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa katika utumwa, akitaka kufika nao upande wa Ziwa Nyasa. Safari ikakomea Masasi, wakajenga kijiji karibu na majabali yale makubwa. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Wamagwangwara walikishambulia, wakachoma nyumba na kuteka watu. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, misheni ikaungua tena. Nayataja haya kwa haraka, maana si ndiyo niliyokuja kuyasema, ila yafaa mjue kwamba kanisa la huko halikulelewa katika raha.

Sasa angalieni jambo moja. Watu wale wa kwanza walikuwa wameng'olewa makwao. Hawakuwa na mjomba wa kuwaita nyumbani wala mzee wa ukoo wa kuwauliza. Lakini waliowazunguka, Wamakua, Wayao na Wamakonde, walikuwa na hayo yote, na kwa makabila hayo mjomba ni mwenye neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Injili ilipoingia miji yao, mwalimu wa dini hakuwa tena na mtu mmoja mbele yake. Alikuwa na ukoo mzima.

Na ukoo ulikuwa na jando. Baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi, wavulana hutolewa kwa mama zao, hupelekwa kumbini, hutahiriwa na ngariba, kisha hukaa huko wakifundishwa: namna ya kuwaheshimu wakubwa, namna ya kustahimili maumivu, mambo ya mume na mke, na siri ambazo aliye nje hazijui. Hurudi kwa shangwe, wameoga, wamevaa nguo mpya, na jina jipya. Asiyepita huko hubaki mtoto hata akiota ndevu. Hapewi mke, na wenzake humcheka. Basi padre alipomwambia Mkristo, "Usimpeleke mwanao," alimtaka awe na mtoto asiyekua kamwe machoni pa watu wake.

Lakini padre naye hakukosa sababu. Kulikuwa na nyimbo na mafundisho ambayo Mkristo hawezi kuyakubali, na unga uliomwagwa chini ya mti kwa kuwaomba wafu. Tena, Uislamu ulikuwa ukienea kwa nguvu miongoni mwa Wayao, na jando lilikuwa mlango wake mmoja. Kijana aliingia kumbini akiwa mwana wa mila, akatoka akihesabiwa Mwislamu. Hili halina budi kusemwa wazi: mageuzi ya Masasi hayakuzaliwa na mapenzi ya mila peke yake. Yalizaliwa pia na hofu ya kupoteza watoto.

William Vincent Lucas alijiunga na misheni hiyo mwaka 1909, na mwaka 1926 akawa Askofu wa kwanza wa Masasi. Karibu na mwaka 1913 yeye na wenzake walianza kufanya jando la Kikristo. Hawakuliiga la kale zima zima, wala hawakuliacha. Walilichambua kipande kwa kipande, wakiuliza kila kimoja kazi yake ni nini. Kukaa pamoja porini kukabaki, na tohara, na mafundisho ya adabu, na furaha ya kurudi. Msalaba ukasimamishwa kambini, sala zikasaliwa asubuhi na jioni, na padre au mwalimu akakaa na vijana. Matusi yakaondolewa. Na hapo penye unga chini ya mti, kanisa lile, ambalo kwa desturi yake huwaombea marehemu, lilikuwa na kitu cha kutoa badala yake: waliozoea kuwaomba babu zao wakafundishwa kuwaombea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hekima kubwa kuliko zote zilizotumika pale, kwa kuwa mzee hakuambiwa awasahau wafu wake.

Mwaka 1928 Lucas alichapisha insha juu ya mambo haya, na jina lake likajulikana mbali. Ni haki yake. Walakini vitabu hupenda kumtaja mtu mmoja, na hapa mtu mmoja hakutosha. Mzungu angejuaje wimbo upi ni wa adabu na upi ni wa aibu, nao umefichwa katika maneno ya mafumbo? Waliojua ni wale waliokwisha kukaa kumbini. Misheni hiyo ilikuwa na mapadre Waafrika tangu Cecil Majaliwa, Myao aliyepata upadre mwaka 1890 akatumika Chitangali. Padre mwingine Myao, Yohana Abdallah wa upande wa Nyasa, aliandika kwa Kiyao kitabu cha habari za kale za watu wake, kikachapishwa mwaka 1919. Na vita vya mwaka 1914 vilipoanza na wamisionari Waingereza wakafungwa na Wadachi, waliolishika kanisa la Masasi ni mapadre na walimu wenyeji.

Linganisheni na Ukikuyu mwaka 1929. Huko neno lilikuwa tohara ya wasichana, na sitaki mtu afikiri kwamba mambo haya mawili ni sawa. Kukatwa kwa wasichana ni madhara kwa mwili, na waliokupinga walikuwa na haki. Kenya yenyewe imekukataza kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini tazameni njia iliyotumika. Kanisa la Scotland na misheni nyingine ziliwataka Wakristo watoe ahadi, watie sahihi au kidole gumba. Waliotia wakaitwa "kirore", jina lililotoka katika neno letu la kidole. Watu kwa maelfu wakaacha makanisa na shule, na shule za kujitegemea zikaenea. Ikawa kulitetea jambo lile lenye madhara ni kuutetea Ukikuyu wote, hata kwa mtu ambaye moyoni alikuwa na shaka nalo. Mama aliyetaka kumwokoa binti yake hakupata mahali pa kusema hivyo bila kuitwa msaliti.

Nikirudi Masasi, sisemi kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Wazee wengine walisema jando lenye msalaba si jando. Na upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Unyago wa huko haukuwa na kukatwa kama kule Ukikuyu, lakini siri zake zilishikwa na makungwi, wanawake wazee, nao hawakuwa mapadre wala hawakuketi katika mabaraza ya kanisa. Jando la wavulana lilichambuliwa na wanaume waliolipitia. Kwa unyago, wenye kujua walikuwa nje ya mlango, na waliokuwa ndani wakizungumza walikuwa wanaume na mabibi wa Kizungu. Lucas alistaafu mwaka 1944, akafa mwaka uliofuata, na jambo hilo lilikuwa bado halijapata ufumbuzi kama ule wa wavulana.