Kuhama na Kuhamishwa: Bonde la Kilombero, 1973–1976

Katika waraka wake wa Ujamaa Vijijini, Septemba 1967, Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba watu wahamie vijijini kwa hiari. Novemba 1973 hiari ikageuka amri, na mwisho wa 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Upande wa Mbingu, kaya zilizotawanyika zikakusanywa kando ya reli ya TAZARA. Aliyetarajiwa kuhama akahamishwa: kiambishi -ish- chakiri kwamba yupo aliyesababisha, -w- charuhusu asitajwe, nacho kilitumika sana. Walakini Sheria ya Vijiji ya 1975 iliwapa waliohamishwa halmashauri ya wajumbe wasiozidi 25, wa kuchaguliwa na mkutano wa kijiji. Ila mwenyekiti wake alikuwa yule yule wa tawi la TANU.