Kitochi au simu ya tachi? Mwongozo kwa vijana wa Bweranyange na Karagwe yote

Wadau, siku hizi kuna vijana wanarudi kwenye kitochi kwa hiari yao. Sio kwamba wamefulia. Wamechoka kushika simu ili waangalie saa, halafu wanashtuka dakika arobaini zimeishia kwenye video fupi na bando la wiki limekata siku ya pili.

Bweranyange ndiko yalikokuwa makao ya Wakama wa Karagwe. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, habari za kwenda kwa Mutesa wa Buganda zilipelekwa na matarishi kwa miguu. Leo ujumbe unafika kwa sekunde, na tatizo limegeuka: zinaingia nyingi kuliko uwezo wa mtu kuzisoma.

Wenzetu wa nje wameshaifanya biashara. Punkt ya Uswisi ilitoa simu yake ya kupiga na meseji tu mwaka 2015, na Light Phone ya Marekani ikafuata mwaka 2017. Zinauzwa mamia ya dola. Sisi kitu hicho tunacho siku nyingi! Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Na tochi hizo ndizo zilizotupa jina la kitochi.

KITOCHI KINATOSHA KWA NINI?

Kabla ya kununua, chukua karatasi uandike kazi zote ambazo simu yako inakufanyia. Utaona nyingi hazihitaji intaneti.

- Pesa. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, na Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) *150*01#. Menyu hizi zinafunguka kwenye kitochi bila bando.
- Namba za siri za muda, zile za kuthibitisha akaunti. Nyingi zinakuja kwa meseji ya kawaida.
- Redio. Kitochi chenye FM kinakupa redio za kwetu kama FADECO ya Karagwe bila kula bando.
- Chaji. Betri inakaa siku kadhaa, jambo kubwa kwa anayetegemea sola.

KINAPOKWAMA

Tatizo ni moja: WhatsApp. Group la darasa, la ukoo, la matangazo ya kazi, yote yako huko. Ukiondoka kienyeji unaweza kukosa nafasi ya maana, na hilo tusidanganyane.

Mwaka 2019 Vodacom walileta Smart Kitochi, simu ya batani inayotumia KaiOS, ikiwa na WhatsApp ndani. Lakini WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS mwezi Juni 2024, na mwaka 2025 huduma ikakoma kabisa kwenye simu hizo. Kwa hiyo muuzaji wa Omurushaka akikwambia "hiki kina WhatsApp", mwambie aifungue mbele yako kabla hujatoa hela. Na kama kina YouTube na Facebook, jiulize basi umekimbia nini.

Njia mbili zinazofanya kazi:

1. Laini weka kwenye kitochi, WhatsApp iache kwenye simu kubwa inayobaki nyumbani. Namba inathibitishwa wakati wa kuifungua, kwa hiyo itaendelea hata laini ikitolewa, ilimradi simu hiyo ipate intaneti kwa njia nyingine. Unaifungua jioni, unajibu watu, unaizima.

2. Intaneti iwe na mahali pake na saa yake, yaani kafe au steshenari. Maombi ya mkopo wa HESLB, Ajira Portal, matokeo ya NECTA na barua pepe, vyote vinafunguka kwenye kompyuta, tena kwa kioo kikubwa. Panga siku, mfano Jumatano na Jumamosi, uende na orodha yako mkononi. Ukimaliza, toka kwenye akaunti zako zote. Kufunga dirisha tu hakutoshi.

Waambie pia ndugu na marafiki: "Cha haraka nipigie au nitumie meseji." Bila kuwaambia watadhani umewanunia.

UKIENDA DUKANI

- Bonyeza *#06#. Zitokee tarakimu 15 za IMEI, na zifanane na zilizoandikwa kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki, wengi wakabaki na makopo.
- Uliza kama ni ya 2G au 4G. Kwa kupiga na kutuma pesa 2G inatosha.
- Kwa kuwa tuko mpakani, hakikisha unaweza kuchagua mtandao mwenyewe, isije ikadaka wa Rwanda au Uganda ukakatwa salio.
- Angalia nafasi ya majina. Laini nyingi hubeba majina 250 hivi, hivyo hamisha yale muhimu kabla hujauza simu ya zamani.
- Bonyeza kila batani, washa tochi, fungua betri uangalie haijavimba.

KAMA HUNA HELA YA SIMU YA PILI

Anza na uliyonayo. Futa programu mbili zinazokula muda wako zaidi, zima arifa zote isipokuwa simu na meseji, zima data usiku, na geuza kioo kiwe cheusi na cheupe. Jaribu wiki mbili. Ukiona bando linabaki na usingizi umerudi, umepata jibu bila kutumia hata mia.

Mwisho, kitochi hakizuii matapeli. Ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" inaingia popote. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wa mtandao.

Haya wadau wa Karagwe na Kyerwa, nani ameshahamia kitochi? Tuambieni group gani limekuwa gumu kuliacha.