Mgeni Aliyepewa Chungu

Kwangu mimi, mchuzi bila nyanya haujakamilika. Kitunguu kikishageuka rangi kwenye mafuta, nyanya hufuata. Iwe ni maharage, samaki au nyama. Hata pilau huisubiri kachumbari. Ndiyo maana mapishi haya tunayaita ya asili.

Lakini Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli na vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Nyanya haikuwamo, wala isingeweza kuwamo. Ilikuwa ingali Amerika, ambako Waazteki wa Mexico waliiita xitomatl. Ilivuka bahari baada ya Wahispania kuiteka nchi hiyo mwaka 1521. Hata Italia, mapishi ya mchuzi wake yalichapishwa Napoli katika miaka ya 1690.

Pwani yetu ikaiita nyanya, wengine tungule. Mwenyeji halisi wa Afrika ni nyanya chungu.

Basi nikisikia mtu akikemewa kwamba anaharibu mapishi ya mababu, hujiuliza: mababu wa karne ipi? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa chungu, naye akakaa.