Mpaka wa 1863: Sheria ya Mambo ya Kale na Majengo ya Ukanda wa Dhahabu

Utangulizi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu kila jengo lililosimamishwa Tanzania Bara kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu. Jengo la baada ya hapo halina kinga hiyo mpaka Waziri alitangaze. Kwa Kilwa na Kaole mpaka huo hauna madhara makubwa, kwani misikiti na makaburi yake ya mawe yaliutangulia kwa karne kadhaa. Kwa Shinyanga na Geita, katika ukanda wa dhahabu, unaacha nje karibu kila kitu. Nyumba za Wasukuma zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, vitu visivyodumu karne nzima bila kujengwa upya. Majengo ya kudumu yaliletwa na misheni, ofisi za utawala, vinu vya pamba na migodi, mengi yake katika karne ya 20. Hoja ya makala hii ni kwamba, katika mazingira hayo, hifadhi haina budi kuanzia kwa kamati za hiari za wenyeji, kisha sheria izifuate na kuzitia nguvu.

Kilichoachwa nje

Huko Mwadui, mkoani Shinyanga, mjiolojia wa Kanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na kando ya shimo ukakua mji wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Geita ilichimbwa chini kwa chini tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, kwa mashimo ya wazi. Tofauti ya teknolojia ina maana kwa mhifadhi: mgodi wa wazi huondoa ardhi yenyewe, pamoja na alama za wachimbaji waliotangulia.

Vinu vya kuchambua pamba vina historia nyingine. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda Shirikisho la Victoria la vyama vya ushirika na kuanza kumiliki vinu wao wenyewe. Kinu cha aina hiyo ni ushahidi wa mapambano ya kiuchumi yaliyotangulia uhuru. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, majengo yakabadilisha wamiliki, na kumbukumbu ikakosa msimamizi.

Ikulu za watemi zilipata pigo mapema zaidi. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha kaya nyingi kutoka kwenye maeneo yao ya asili. Makazi yalipohamishwa, minyororo ya ufundi ilikatika, kwa kuwa nyumba ya udongo huhifadhiwa na mikono inayojua kuijenga tena.

Somo la Bujora

Bujora, kijiji cha Kisesa karibu na Mwanza, kinatoa jibu la mapema. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alikusanya kamati ya wazee na wataalamu wa mila. Kazi hiyo ikazaa Makumbusho ya Wasukuma, yenye nyumba za jadi na banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kamati haikuuliza jengo lina miaka mingapi. Iliuliza nani anajua kulijenga na nani anajua kulieleza. Hapo ndipo ilipoizidi sheria.

Lakini mfano huo una udhaifu wake. Kamati hukumbuka kwanza kinachowapa heshima wanakamati. Kiti cha mtemi hupata banda. Kambi ya vibarua na geti la kinu husubiri. Kamati za Shinyanga na Geita zitapungukiwa uhalali zisipowakaribisha wachimbaji wastaafu, wanawake waliopika makambini na wanachama wa zamani wa ushirika.

Mtu anaweza kusema dawa ni kuongeza majengo kwenye orodha rasmi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, imo ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Orodha haizibi ufa. Upande wa pili, hiari pekee hailipi mhandisi. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa zama za Sultan Majid baada ya 1863, lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2017 kwa sababu wasanifu majengo, jiji na wafadhili walishikana.

Hitimisho

Mwaka 1863 ulikuwa takriban miaka mia moja kabla ya sheria kutungwa, kisha ukaganda pale. Sheria ingetumia umri badala ya tarehe, majengo ya Geita ya miaka ya 1930 yangekaribia kuingia kwenye ulinzi. Badiliko hilo linahitaji Bunge. Mengine mawili hayalisubiri. Halmashauri za Shinyanga, Kishapu, Kahama na Geita zinaweza kufungua rejista za majengo zinazoandaliwa na kamati za kata. Pia, tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni hutakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii. Madarasa na zahanati zina nafasi yake humo. Utambuzi na matengenezo ya majengo ya kihistoria yapewe fungu lake, dogo lakini la kudumu. Madiwani wanaojadili mipango hiyo wasiipitishe bila fungu hilo.