Weupe wa Kanzu na Weupe wa Ngozi

Katika mafundisho ya dini hapa Kasenga, Uvira, mtoto mmoja alituuliza: "Mwalimu, padri mweusi anaweza namna gani kuitwa Padri Mweupe?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana hata watu wazima wanalo swali hilo, ila wanaona haya kuliuliza.

Basi tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina rangi tatu tu zenye majina yake tangu asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zimeazimwa kwenye vitu: kijani kutoka majani, kijivu kutoka majivu, kahawia kutoka kahawa. Ndiyo maana neno -eupe lina kazi nyingi. Twalitumia kwa maziwa na kwa unga wa muhogo. Twasema peupe kwa mahali pa wazi. Twasema moyo mweupe kwa mtu asiye na hila. Na tukisema "yule binti mweupe", mara nyingi twamtaja Mwafrika mwenzetu ambaye ngozi yake imeng'aa kidogo kupita ya ndugu zake. Mgeni wa Ulaya ni Mzungu, na wengi husema neno hilo latokana na kuzunguka. Yaani, waliompa jina walitazama miguu yake kabla ya ngozi yake!

Ugonjwa nao una neno lake. Uso wa mtu aliyeugua siku nyingi hatusemi umekuwa mweupe, twasema umepauka. Mama akishuku kwamba mtoto wake amepungukiwa damu, hatazami shavu. Avuta ukope wa chini na kutazama ndani, kisha viganja. Kwa Wazungu uso mzima hugeuka, nao wana maneno mengi ya jambo hilo. Waingereza wanalo moja, "wan", lenye historia ya ajabu. Leo ni uso wa mgonjwa uliopauka. Lakini zaidi ya miaka 1,000 iliyopita maana yake ilikuwa giza, rangi ya kunguru na ya mawimbi mabaya. Neno limevuka kutoka weusi hadi weupe! Tukifikiri vizuri tutaona kwamba lilishika zaidi jambo la nuru kutoweka kuliko rangi yenyewe.

Walatini walikuwa na weupe wa namna mbili: albus, mweupe wa kawaida, na candidus, mweupe wa kung'aa. Kwa la kwanza tumepata alba, ile kanzu ndefu ambayo padri huivaa chini ya kasula wakati wa Misa. Kwa la pili yametoka majina ya wagombea vyeo katika lugha za Ulaya, kwa sababu Mroma aliyeomba cheo alivaa nguo iliyopakwa chokaa. Na katika Kanisa la kale waliobatizwa usiku wa Pasaka walivaa nguo nyeupe siku nane. Kitambaa cheupe cha Ubatizo mnachowavika watoto wenu chatoka huko. Pote hapo kinachobeba weupe ni nguo.

Ndivyo ilivyo kwa Mapadri Weupe. Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alianzisha shirika lao mwaka 1868. Alitaka wamisionari wake waseme lugha ya watu wa Algeria, wale chakula chao, wavae mavazi yao. Basi akawapa kanzu nyeupe na joho jeupe la Kiarabu, na rozari shingoni, na watu wakawaita kwa nguo zao. Angewapa kanzu nyekundu, leo tungesema Mapadri Wekundu. Jina lao rasmi ni Wamisionari wa Afrika, na leo wengi wa vijana wao ni Waafrika. Msafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, ukafika Ujiji Januari 1879. Mwaka huohuo walianza misioni Rumonge, upande wa Burundi wa ziwa letu; tarehe 4 Mei 1881 watatu waliuawa huko.

Jibu la mtoto, basi, ni jepesi. Lakini ngozi nayo imewahi kuhesabiwa, na ni hapa kwetu. Mwaka 1964, katika vita vya Simba, ngozi nyeupe ilitosha kumtia mtu hatarini. Tarehe 28 Novemba waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, Wasaveriani kutoka Italia. Na siku ileile, Fizi, Padri Giovanni Didonè, Msaveriani mwenzao, pamoja na Abbé Albert Joubert. Huyu Abbé Albert hakuwa Padri Mweupe, alikuwa padri wa jimbo. Alizaliwa mwaka 1908 Saint-Louis ya Mrumbi, karibu na Moba, baba Mfaransa na mama Mwafrika. Kijijini angeitwa mweupe, Ulaya angeitwa mweusi. Yeye alibaki na Wakristu wake wa Fizi.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, wote wanne walitangazwa Wenye Heri, Kardinali Fridolin Ambongo akiongoza Misa. Siku ya ukumbusho wa mashahidi padri havai nyeupe, avaa nyekundu. Mtoto wetu ameliona hilo pia, na Jumamosi twatazamia swali la pili.